Kifaru Nilichokichagua Ukunda

Siku tulipobomoa jiko la zamani la mama, yeye mwenyewe alikaa nje kwenye kigoda akituelekeza kipi cha kutupa na kipi cha kuweka. Mimi ndiye niliyepanda uchagani, kule juu ya mafiga ambako mahindi ya mbegu hukaushwa kwa moshi. Nilipotia mkono nyuma ya magunzi niligusa kitu kigumu chenye meno meno. Sikuhitaji kukitoa ili nijue ni nini. Harufu ilinifikia kwanza: plastiki iliyokula moshi wa miaka mingi, na chini yake ule ukali wa mawe ya tochi yaliyovuja. Nilikaa pale juu nimeinamisha kichwa chini ya makuti, mtu mzima mwenye watoto wake, nikahisi uso unaniwaka kama ulivyoniwaka nilipokuwa darasa la pili. Mama aliniita mara kadhaa. Nilimjibu kwamba kuna vumbi.

Wenzangu wa rika langu waliokulia ndani ya Kinango watanielewa nikisema kwamba baba zetu walikuwa wageni wa heshima. Walifanya kazi pwani, Likoni au Ukunda au Diani, na walikuja nyumbani mwisho wa mwezi na mkate, sukari na harufu ya sabuni ya dukani. Baba alikuwa akija, anakula, anakagua mbuzi, analala, na kabla hatujazoea kikohozi chake anakuwa amekwenda. Nilipomwuliza mama baba afanya kazi gani huko, mama alinijibu bila kuinua kichwa kwenye ungo.

"Babako ni askari."

Neno hilo lilinitosha. Kwetu hakukuwa na kituo cha polisi, wala hakukuwa na nyumba yenye geti la kulindwa. Askari niliowajua mimi ni wale wa kwenye kibanda cha video pale sokoni, waliokimbia porini na bunduki, na nguo za baba zilikuwa kama zao: suruali na shati la kijani, bereti nyeusi, mkanda wenye bizimu ya kung'aa, mabuti mazito, na beji begani yenye maneno ya Kiingereza ambayo sikuweza kuyasoma. Mama alipozifua alizianika peke yake upande wa jua, na sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Nilikuwa nikizizunguka kwa mbali kama mtu anayezunguka msikiti wakati wa swala.

Siku moja baba alikuwa kizingitini akipiga mabuti rangi, nami nikamwuliza, "Baba, wewe kazini waendesha nini?" Baba wa rafiki yangu Kadzo alikuwa dereva wa lori la mchanga, na nadhani nilitaka jibu la kumshinda Kadzo. Baba aliwaza kidogo, kisha akacheka.

"Naendesha kifaru, mama."

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mamake. Kwa muda mrefu baada ya siku hiyo niliamini kwamba baba hupanda mnyama. Nyanya alikuwa ametusimulia habari za kifaru aliyemwona utotoni mwake kule nyikani, mwenye pembe puani na hasira zisizo na sababu, nami nikamwona baba ameketi juu ya mgongo ule, bereti kichwani, akiingia Diani. Sikumwambia mtu, kwa kuwa niliona ni jambo la kawaida kwa askari. Kisha siku moja kwenye kibanda cha video nikaona kitu cha chuma kikibomoa ukuta wa nyumba, na yule kijana aliyekuwa akitusimulia filamu akasema, "Kifaru hicho chaja, kimbieni." Nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Nilirudi nyumbani nikiwa na baba mkubwa kuliko yule niliyetoka naye.

Baada ya mavuno nyoka aina ya moma aliniuma kifundoni nikichunga mbuzi. Nakumbuka vipande tu: nyasi kavu, kitu kama mwiba wa moto, mjomba akinipakia kwenye pikipiki, na mama nyuma yangu akinipigapiga shavu nisilale. Hospitalini Kinango mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Homa iliposhuka nilifungua macho nikamwona baba akiingia wodini na sare yake, ametoka kazini moja kwa moja, mabuti yakigonga sakafu. Wodi nzima ikamgeukia.

"Ni nani yule?" aliuliza msichana wa kitanda cha pili.

"Ni babangu," nikasema. "Ni askari. Anaendesha kifaru."

Mama alikohoa. Baba alitazama sakafu, kisha akatabasamu. Mtoto wake alikuwa hajasema neno tangu alipoletwa, na sasa alikuwa anasema. Ni mzazi gani angemsahihisha saa ile? Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mguu wangu mbaya kama mtu anayeshika yai, akaniahidi.

"Ukipona, mama, utakuja Ukunda unitembelee. Tutaingia dukani na utachagua kitu chochote. Utachagua wewe mwenyewe, mimi sitatia neno."

"Nataka kifaru," nikamwambia papo hapo, na wanawake wa wodini wakacheka, na baba akacheka nao.

Kwa hivyo shule zilipofungwa nilipelekwa Ukunda. Baba alikuwa na chumba kimoja katika safu ya vyumba vya kupanga, karibu na barabara, na alikuwa amekiosha kwa dawa ya choo hata macho yangu yakawasha. Siku ya kwenda dukani alikuwa na mapumziko. Alitoka nje amevaa shati la mistari nililolijua tangu Idi, na viatu vya raba. Nilimtazama, na sikuondoka mlangoni.

"Twende, mama."

"Baba, vaa nguo zako za kazi."

"Leo siko kazini."

"Nataka watu wakuone."

"Zile nguo hazivaliwi mjini," akasema. "Zina mahali pake."

Sikulia. Niliketi tu kizingitini nikaanza kuusugua mguu wangu pale kwenye kovu, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza hospitalini kwamba nikiusugua mguu ule, watu wazima hubadilika. Baba aliutazama. Alirudi ndani, na alipotoka alikuwa askari kamili, bereti imelalia upande, mabuti yanang'aa. Akanipigia saluti.

"Haya, afande. Tuongoze njia."

Nilichechemea kando yake nikiwa nimejaa fahari hata kifua kikaniuma. Kila aliyemsalimia njiani nilidhani anamwogopa. Jua lilipokuwa kali alinibeba mgongoni, na kutoka pale juu nikaona bereti yake kwa karibu, na jasho lililochora mstari mweupe wa chumvi kwenye ukingo wake.

Duka lilikuwa refu na lenye giza kidogo, limejaa mipira, ndoo na sahani za rangi, na likinukia plastiki mpya. Mwuzaji alikuwa dada wa kutoka bara, mwenye nywele za kusuka hadi kiunoni.

"Sasa mrembo. Umekuja kuchukua doli? Tuko na zingine zinaongea."

"Nataka kifaru."

Alienda nyuma akarudi na kifaru wa mpira, wa kijivu, mwenye pembe. Nilimtazama mnyama yule kwa huruma, kwa sababu nami niliwahi kukosea hivyo hivyo.

"Siyo huyo," nikasema. "Cha vita. Cha rimoti."

"Aa, hizo. Lakini hizo ni za maboi, sweti."

"Mwache achague," baba akasema.

Dada aliteremsha vitatu kutoka rafu ya juu, akavitia mawe, akavipanga sakafuni. Vilikuwa vidogo, kila kimoja kiasi cha nusu mche wa sabuni, na kila kimoja na rimoti yake yenye waya wa kuvutwa juu. Cha kwanza kilikuwa kijani kama shati la baba, nami nilikipenda kabla hakijatembea. Kilipotembea kikawa kinavuta kushoto tu. Ukikielekeza mlangoni, chenyewe kinakwenda kwenye ndoo. Cha pili kilikuwa cha rangi ya mchanga. Kilikuwa na mbio, na taa, na mlio wa mizinga uliotoka tumboni, lakini kilipogonga mguu wa meza mnyororo wake ulichomoka, na yule dada aliurudisha upesi akitumaini sikuona. Cha tatu kilikuwa kidogo kupita vyote, cha madoadoa, hakina taa wala sauti. Kilikwenda polepole. Mzinga wake uligeuka kulia, ukasimama, ukageuka kushoto, kama mtu aliyefika njia panda asiyetaka kukosea.

Nilijilaza kifudifudi sakafuni na wateja wakawa wananiruka. Nilivijaribu vyote, nikavirudia, nikakipa kile cha kijani nafasi nyingine kwa sababu ya rangi yake. Mwisho nikamwuliza mtu aliyestahili kuulizwa.

"Baba, chako ni kipi?"

Alichuchumaa. "Changu?"

"Unachoendesha."

Aliviangalia vyote vitatu kwa makini kabisa. Sasa najua kwamba hapo ndipo angeweza kuniambia. Palikuwa na nafasi, na alikuwa karibu na sikio langu. Lakini nilikuwa nimemkazia macho.

"Hiki kidogo chaelekea," akasema kwa sauti ya chini. "Kijaribu kwenye mlima." Akaunyosha mguu wake mbele yangu.

Nilikielekeza kile cha madoadoa kwenye buti la baba. Kilifika, kikasita, minyororo ikasaga, kikainua pua, kikapanda, kikatulia juu ya ngozi ile nyeusi iliyong'aa. Baba alicheka kicheko ambacho sikukisikia tena maishani mwake, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba anatazamwa.

"Ni hicho," nikasema.

"Una uhakika? Haina hata taa," dada akasema.

"Ni hicho. Babangu anaendesha cha kweli." Na kwa kuwa niliona hakunisikia vizuri, nikalirudia kwa sauti iliyofika mlangoni. "Babangu ni mwanajeshi. Anaendesha cha kweli."

Watu waligeuka, ila hawakunigeukia mimi. Mlangoni alikuwa amesimama mwanamume mwenye sare kama ya baba, isipokuwa yake ilikuwa na michirizi myekundu mabegani, na mkononi alikuwa na simu ya upepo iliyokuwa ikikwaruza.

"Beja," akamwita baba kwa jina lake. "Leo si zamu yako."

Baba alisimama, na kifaru kikaanguka kutoka kwenye buti. "Si zamu yangu, bosi."

"Na hizo nguo?"

"Nimemleta mtoto dukani. Alikuwa mgonjwa."

"Nimekuuliza hizo nguo."

Baba alilinyoosha shati lake kwa kiganja.

"Nimesema mpaka nimechoka kwamba nguo za kampuni hazitembezwi mjini. Juzi mwenzako alikutwa baa amezivaa, na mimi ndiye niliyeitwa kujieleza. Zivue."

"Bosi, niruhusu nifike nyumbani kwanza."

"Hapa hapa."

Baba alivua bereti. Alifungua mkanda. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, kimoja kimoja kutoka juu, vidole vyake vikiwa vizito, na ndani mkaonekana fulana iliyochanika kwapani na kushonwa na mama kwa uzi wa rangi nyingine. Alivikunja vyote vizuri, kama alivyokuwa akivikunja nyumbani, akavikabidhi kwa mikono miwili. Msimamizi alimwambia suruali na mabuti avilete kesho yake mapema, akatoka. Hakuna aliyecheka. Yule dada alikuwa amegeukia rafu akipanga doli ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Baba alinunua kifaru. Sikuwa na haja nacho tena, lakini sikujua namna ya kusema hivyo, naye nadhani hakujua namna ya kutoka dukani bila kitu alichokuja kununua.

Tulirudi kwa miguu, yeye na fulana ile barabarani, mimi na mfuko mkononi. Sikutaka kubebwa. Na njia nzima nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu, kwa akili zangu za wakati ule. Yule mwenye michirizi alikuwa mkubwa wa jeshi. Alikuwa mlangoni nilipopaza sauti kwamba baba huendesha kifaru. Bila shaka lilikuwa jambo la siri, na ndiyo maana baba alikuwa amelisema kwa sauti ya chini, karibu na sikio langu. Mdomo wangu ndio uliomvua baba shati mbele za watu.

Siku chache baadaye tulirudi Kinango pamoja. Baba alimwambia mama kwamba amepewa likizo ndefu. Mama alifurahi, alikuwa hajawahi kukaa na mumewe hivyo tangu walipooana. Alimpikia wali wa nazi siku zisizo za sikukuu, na nilimsikia akiimba akitwanga. Baba alijenga upya boma la mbuzi, akakata miiba, akachimba mtaro, akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Jioni alikaa akiitazama njia ya kwenda barabarani. Nami nilimtazama yeye. Niliamini amejificha, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Sikukichezea kifaru kile hata siku moja. Nilikitia uchagani nyuma ya mahindi. Kadzo aliponiuliza nilichagua nini Ukunda, nilimwambia mpira, na kwamba umepasuka. Injini yoyote iliyosikika kwa mbali, hata ya pikipiki ya muuza mkate, ilinifanya nikimbie kwanza kuangalia baba yuko wapi. Shuleni niliacha kusimulia habari za baba. Mwalimu alimwambia mama kwamba tangu nilipoumwa na nyoka nimekuwa mpole, na mama akamshukuru Mungu kwa hilo.

Kisha ndovu wakaingia mashambani. Walikuja usiku, wakala mahindi ya jirani zetu na kuangusha ua wa shule, na kesho yake watu wakakusanyika uwanjani. Nilikuwa nikitoka kisimani na dumu la maji Kadzo aliponijia mbio.

"Askari wamekuja," akasema. "Wana gari na bunduki. Wako uwanjani, na babako wamemsimamisha katikati."

Niliacha dumu palepale. Nilikwenda jikoni, nikapanda uchagani, nikakichukua kifaru, nikakimbia na mguu wangu mbovu mpaka uwanjani. Walikuwa askari wa wanyamapori, watu waliokuja kusaidia, lakini mimi niliona kijani, nikaona bereti, nikaona baba amezungukwa. Alikuwa akiwaonyesha kwa mkono upande waliokwenda ndovu. Mimi niliona mtu anayenyoosha mkono kuapa.

Nilipenya kati ya miguu ya watu, nikakiweka kifaru chini, mbele ya mabuti ya yule aliyeonekana mkubwa wao.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akishangaa.

"Chukueni kifaru chenu. Ni mimi niliyesema. Baba hakumwambia mtu. Msimfunge."

"Kifaru gani, binti?"

"Cha baba. Alichokuwa akiendesha jeshini. Yule mkubwa wenu alimvua nguo dukani kwa sababu yangu, kule Ukunda, na sasa hawezi kurudi kazini. Si likizo. Amejificha."

Kisha vijana waliokuwa nyuma wakaanza kucheka, na mmoja akasema, "Beja jeshini," na kicheko kikapita uwanja mzima, hata wazee wakashika mbavu. Wote walijua baba alikuwa bawabu. Hakuna mtu mzima kijijini aliyewahi kudhani vinginevyo, na baba hakuwahi kuwadanganya. Nilisimama katikati ya kicheko kile nisielewe kinatoka wapi, mpaka nikamwona mama upande wa wanawake. Yeye hakucheka.

"Beja," akasema, na mama hakuwa na desturi ya kumwita baba kwa jina. "Mtoto asema ulivuliwa nguo?"

Baba alipiga magoti mbele yangu mavumbini. Uso wake ulikuwa sawa na wangu kwa urefu, na nikaona ndevu zake zimeanza kuwa nyeupe kidevuni.

"Mama, mimi si mwanajeshi," akaniambia. "Sijawahi kushika bunduki. Mimi nilikuwa bawabu wa hoteli. Gari likija nafungua geti, likipita nafunga. Kifaru kilikuwa mzaha." Kisha, bila kuinuka na bila kumtazama mama, akaongeza, "Na hata hiyo kazi sinayo tena."

Yule mkubwa wa askari alikiokota kifaru, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akanirudishia kwa mikono miwili kama kitu cha thamani. "Kitunze," akasema, kisha akawageukia watu na kuwauliza kuhusu ndovu kwa sauti iliyokata kicheko. Nilimshukuru moyoni kwa miaka mingi. Lakini kicheko kilichokatwa uwanjani kilikwenda na watu majumbani mwao, na kufikia Ijumaa baba alikuwa amepata jina. Walimwita Kifaru sokoni, msikitini na kwenye harusi, bila ubaya, kama watu wanavyoitana. Aliitika. Siku ya mazishi yake nilisikia vijana ambao hawakujua asili ya jina hilo wakiuliza kaburi la mzee Kifaru lielekezwe wapi.

Jioni ile mama alitutengea chakula. Alikaa nasi lakini hakula.

"Likizo," akasema, akafunika sufuria. Baadaye akasema, "Ningeuza mbuzi. Ningelima kwa watu. Hilo si neno. Lakini mimi nilikuwa nikiimba, Beja. Watu walikuwa wakinisikia nikiimba."

Baba aliosha mikono, akatoka nje. Mama alikichukua kifaru pale nilipokiweka, akakirudisha uchagani mwenyewe, na hatukukizungumza tena.

Asubuhi baba alichukua fimbo, akasema tutachunga pamoja. Tulikwenda mpaka mbuzi walipotulia, tukakaa juu ya mwamba. Nilijua natakiwa kufanya jambo fulani kwa ajili yake, ila sikujua ni lipi. Nikamwuliza, "Baba, hilo geti la hoteli likoje?"

Alinitazama, kisha akaanza polepole. Akaniambia lilikuwa jeupe, refu kuliko nyumba yetu, na lilikuwa na magurudumu chini. Ukilisukuma kwa pupa linatoka kwenye reli yake na wanaume wanne hawalirudishi. Akaniambia aliyajua magari kwa mngurumo kabla hayajakata kona. Kulikuwa na mbega, akasema, weusi wenye mabega meupe, waliovuka juu ya geti kila asubuhi, na siku moja mmoja alimwangusha mtoto wake, naye akamdaka kwa bereti, akasimama naye kimya hadi mamake alipoteremka kumchukua. Wageni wengine walimpungia mkono, akasema, na wengine hawakumwona kamwe ingawa walipita mbele yake asubuhi na jioni. Sauti yake ilikuwa imeanza kuchangamka. Alikuwa anatumia mikono. Hakuwahi mtu kumwuliza habari zile, hata mama.

Nilimsikiliza, na nilijitahidi. Lakini mtoto hana pazia usoni. Nilikuwa nikiliweka geti lile upande mmoja na kifaru upande wa pili, na geti lilikuwa dogo, na wale mbega walikuwa wadogo, na mtu aliyesimama pale akisubiri magari alikuwa mdogo. Baba aligeuka kuniambia jambo jingine, kinywa kikiwa tayari kimefunguka, akaniona.

Akakifunga. Akainuka, akaokota jiwe, akalirusha mbali kumrudisha mbuzi ambaye hakuwa amekwenda popote.